Mbebeshaji miche wa Kikwe anayejifunza upya kupepesa macho

Saa moja asubuhi, Kikwe. Mlima Meru haupo. Mawingu yameufunika tangu jana, na mgeni angeweza kuapa kwamba upande ule hakuna mlima. Chini ya neti ya kivuli, Elinipa Akyoo ameinamia mche wa mparachichi mwembamba kuliko kidole chake cha mwisho. Anaukata kichwa, anaupasua katikati, anachomeka kijiti kilichochongwa, kisha anazungusha utepe wa nailoni.

Halafu anafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakulifanya akiwa kazini. Anaweka kisu chini, anafumba macho polepole, anayafumbua. Mara tano.

“Nikifumbua, dunia inakuwa imeoshwa,” anasema. “Kila jani na mstari wake. Baadaye inaanza kufifia, nafumba tena.”

Elinipa, 47, ni mbebeshaji. Huunganisha mparachichi wa kienyeji na kijiti cha mti wa kisasa, ganda kwa ganda, mpaka iwe mti mmoja. Maganda yakipishana kidogo tu, mche hufa. Hulipwa kwa mche ulioshika, na kwa miaka mingi, katika kila miche mia aliyofunga, tisini ilishika.

Miaka miwili iliyopita ukungu uliingia. Alidhani ni ule wa mlimani, unaoshuka mwezi wa sita na kulala juu ya migomba hadi saa nne. Lakini huu saa nne haukuondoka. Ulikaa machoni mchana kutwa, ukiwasha kama una mchanga ndani yake, na jioni taa za pikipiki zilichanua barabarani kama maua. Anakiri kwamba wakati mwingine ilipendeza. Alitembea kama mtu aliye ndotoni, akiwasalimia watu kwa kukisia mwendo wao.

Machozi nayo yalimtoka ovyo. Jirani mmoja alimpa pole ya msiba ambao haukuwepo, naye akaipokea, maana kueleza kulikuwa kazi zaidi. Aliosha macho kwa chai ya rangi iliyopoa. Akanunua matone ya kuondoa wekundu, akawa anatia mara nane kwa siku. Macho yalikuwa meupe kwa siku mbili, kisha yakawa mekundu kuliko mwanzo.

Mwezi wa tatu, kati ya miche mia tatu aliyobebesha, mia na arobaini ilikufa. Evelyn, mwenye kitalu, hakumfokea. Alimwambia kwa upole kwamba mambo yakiendelea hivyo atamhamishia kwenye kujaza udongo viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, kazi anayoanza nayo kila mgeni. Upole ule ulimuuma Elinipa kuliko tusi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Akaoga, akavaa, akaenda mjini Arusha kwa daktari wa macho.

Daktari Prosper alimtia tone la rangi ya manjano, akammulika kwa taa ya bluu na kumwambia asipepese. Kwa hilo Elinipa hana mpinzani. Daktari akahesabu sekunde, na alipofika nne tu, utando wa machozi ulikuwa umeshapasuka. Akamwambia macho yake ni makavu. Elinipa, leso ikiwa imelowa mkononi, alidhani anataniwa.

Daktari akamfafanulia taratibu. Jicho hulindwa na utando mwembamba wa machozi wenye mafuta juu yake, na kope ndizo zinazousambaza. Mafuta yakiganda kwenye kope na mtu asipopepesa, utando hukauka, jicho huwasha, nalo hujitetea kwa kumwaga maji mengi. Ni kama kumwaga ndoo kwenye shamba lililokakamaa: maji hukimbia juu juu.

Akamuuliza hupepesa mara ngapi akiwa kazini.

“Sipepesi,” Elinipa alijibu, kwa fahari kidogo. “Nilifundishwa hivyo.”

Aliyemfundisha ni Mzee Abdiel wa Olmotonyi. Ukipepesa, alikuwa akisema, mche unakukataa. Elinipa alilishika neno hilo kama amri ya kumi na moja.

Sasa asubuhi na jioni huweka kitambaa cha maji ya moto juu ya kope kwa dakika kumi, akazikanda, kisha akatia machozi ya bandia. Matone ya wekundu ameyatupa, na moshi wa kuni anaukwepa. Daktari hakumdanganya: ugonjwa huu hauponi kama malaria, ataishi nao. Lakini mwezi wa saba, kati ya miche mia tatu, mia mbili hamsini na minane ilishika. Evelyn hajataja viriba tena.

Ni chini ya kitambaa hicho, katika giza lake la joto, ndipo alipomkumbuka mwalimu wake. Abdiel aliacha kubebesha miaka sita iliyopita, akisema mkono wake umeisha. Kanisani hukaa akijipangusa macho, na vijana humwita mzee wa machozi. Elinipa naye alidhani ni uzee tu. Anaona aibu kulisema hilo.

Jumamosi hii atapanda Olmotonyi na kitambaa na chupa ya maji ya moto. Jumatatu, mzee akikubali, watakwenda wote kwa daktari. Hajui kama macho yale yatarudi.

“Nitamwamkia kwanza,” anasema. “Halafu nitamwambia, mwalimu, huenda mkono wako haujaisha. Fumba macho.”