Mama wa Slaidi ya Pili

Tangu siku alipomuua mama yake, Sista alikuwa akiamka alfajiri na kwenda kusimama mlangoni pa chumba chake kusikiliza kama bado anapumua. Alikuwa anapumua. Tena alikuwa anakoroma, na asubuhi moja alifungua jicho na kumuuliza, "Wewe, unanipeleleza nini?"

Kumuua kwenyewe kulikuwa kwa maandishi tu. Kwenye kompyuta, katika slaidi ya pili ya wasilisho ambalo Sista alikuwa akiliandaa kwa ajili ya wawekezaji, palikuwa na picha ya mama huyo na chini yake maneno: Marehemu mama yangu. Marehemu mwenyewe alikuwa chumba cha pili akilalamika kwamba chai imepoa. Lakini Sista alikuwa na roho nyepesi kwa mambo kama hayo. Aliona kwamba neno likishaandikwa linaweza kwenda kutafuta mtu wake.

Jina la Sista lilimbakia kutoka hospitali, alikofanya kazi ya uuguzi mpaka siku mama yake alipopigwa na kiharusi. Aliacha kazi amuuguze. Bi mkubwa aliletwa nyumbani akalazwa kwenye godoro chini, na kwa kuwa hakuweza kujigeuza, mgongo ukaanza kutoka vidonda. Sista alijua dawa yake: kitanda cha wodini, kile kinachoinuka kichwani na kushuka miguuni. Bei yake ndiyo iliyomshika koo.

Basi akamchorea jirani yao, fundi wa kuchomelea mageti. Fundi aliuangalia mchoro, akajikuna kichwa, akasema, "Sista, mimi najua geti." Hata hivyo alichukua mabomba ya mageti akaunga kitanda, na chini ya sehemu ya kichwa akapachika jeki ya gari. Ukizungusha hendeli, mgonjwa anapanda taratibu kama gari linalotaka kubadilishwa tairi. Mama alianza kula akiwa ameketi. Vidonda vikakauka. Ulimi nao ukafunguka, na ulipofunguka ukafunguka wote, fidia ya miezi aliyokaa kimya ikalipwa kwa siku chache.

Majirani wakaja kuona. Kila aliyekuwa na mgonjwa nyumbani akataka akodishiwe kitanda kama hicho, na Sista na Fundi wakatengeneza vingine, vyote vikaenda. Sasa simu zilikuwa zinalia kila siku. Watu wazima walilia kwenye simu, wakiuliza kama kuna kitanda kimerudi. Na kitanda kinaporudi, mara nyingi unajua kimerudi kwa nini. Bila mtaji vitanda visingeongezeka, na benki ilikuwa imeshawapa majibu yake.

Ndipo waliposikia juu ya siku ya wawekezaji. Ukichaguliwa unapewa dakika chache mbele yao, unaonyesha slaidi zako, wakipenda wanaweka fedha. Waliochaguliwa, Sista akiwamo, walipewa Mshauri wa kuwanoa, kijana mwenye viatu vya kumeremeta na haraka ya mtu aliyeacha kitu jikoni.

Slaidi za kwanza za Sista zilimtoa Mshauri jasho. Maandishi yalikuwa madogo mpaka pembeni: urefu wa bomba, unene wa godoro, aina ya jeki. Kisha Sista alibonyeza tena, na ukuta mzima ukajaa picha ya kidonda cha mgongo, karibu kabisa, rangi zote. Sista aliiona ya kawaida, wodini alikuwa akinywa chai karibu na mambo mabaya zaidi. Mshauri alikuwa anakula. Aliisogeza sahani pembeni akaifunika kwa karatasi.

"Sista, hapa hatutibu mtu," alisema alipopata pumzi. "Mwekezaji hanunui kitanda. Ananunua uchungu. Haya, niambie, ilianzaje?"

Sista akamweleza.

"Kwa hiyo mama alifariki."

"Hapana, alipona."

Uso wa Mshauri ukawa kama wa mtu aliyeahidiwa nyama akaletewa mchuzi. "Sasa hapo uchungu uko wapi? Mama kapona, wote mna furaha, watoe fedha za nini? Angalia. Tunamweka marehemu. Neno moja tu. Nani atakwenda kumkagua?"

Sista alicheka. Alicheka kwa woga, kwa sababu huyu ndiye aliyejua mambo na yeye hakujua kitu, na kwa sababu simu mfukoni ilikuwa imetetemeka tena na alijua ni mtu anayeulizia kitanda. Akaliandika neno kwa mkono wake. Mshauri akaiondoa picha rangi zote ikawa nyeusi na nyeupe, maana marehemu, alisema, hawapendezi na nguo ya kijani.

Toka hapo hakuwa na amani. Mama akikohoa mara moja, Sista anamwaga chai. Mama akikataa uji, Sista anakimbilia mashine ya kupima presha. Akampima asubuhi, akampima mchana, akampima tena kabla mkono haujapoa, mpaka bi mkubwa akauficha chini ya shuka. "Huu mkono ni wangu," alisema. "Kapime wa Fundi."

Ilibaki siku moja. Fundi alikuja mchana kumsikiliza Sista akifanya mazoezi, na ukuta pekee mweupe ulikuwa chumbani kwa mama. Mama akakataa kutoka. Angetokaje, na kitanda chake kilikuwa na magurudumu magumu? Akaagiza azungushiwe jeki apande, akavaa miwani yake, akakunja mikono kama mkaguzi wa shule.

Sista alionyesha slaidi ya kwanza. Halafu akabonyeza mara mbili haraka haraka.

"Rudisha," mama alisema.

"Ni ileile tu, Mama."

"Rudisha. Nimeiona sura yangu."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Sista akarudisha. Mama alisoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyokuwa akisoma kila kitu tangu augue. Fundi aliangalia viatu vyake, kisha akakumbuka kwamba kuna geti la mtu linamngoja, akaaga kabla hajaulizwa lolote.

"Nilikufa lini?" mama aliuliza.

"Mama, ni maneno ya kuwavutia tu. Yule mshauri alisema..."

"Na mlinizika nimevaa nini?"

Sista alihisi uso unawaka. Alitaka mama amgombeze, amwite mtoto asiye na adabu, arushe hata kikombe. Mama hakurusha kitu. Alivua miwani akaifuta na pindo la shuka, akauliza, "Hao wanaosubiri vitanda ni wengi?"

"Ni wengi, Mama. Kila siku wanaongezeka."

"Basi liache hilo neno palepale. Mimi nimekula chumvi ya kutosha. Kama nikifa mle ndani wao watapata pa kulala, niache nife." Akageuza uso ukutani. "Nishushe, nimechoka."

Sista akazungusha hendeli, na mama akashuka kidogo kidogo mpaka akalala chali kabisa. Hakupenda kumwona akiwa chali hivyo. Alikaa jikoni akalia, mkono mdomoni ili asisikike. Ruhusa ile ilimuuma kuliko matusi.

Asubuhi ya siku yenyewe Sista alivaa mapema. Mama alikuwa ameshaamka, ameomba achanwe nywele. Sista alipoinama kumbusu, mama alimshika kifundo cha mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Haya, nenda. Uniage vizuri."

Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine, baridi ya kuingia kwenye meno. Waliochaguliwa walipangwa kwenye viti vya nyuma, kila mmoja akiongea peke yake kimyakimya. Mbele, nyuma ya meza ndefu, waliketi wawekezaji watatu: mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo, mzee wa tai asiyeinua uso kutoka kwenye karatasi, na kijana aliyetabasamu kwa kila mtu, jambo ambalo lilimtia Sista hofu zaidi. Mshauri alikuwa pembeni. Alimwonyesha dole gumba.

Alipoitwa, Sista alikwenda mbele. Slaidi ya kwanza ilipita salama, jina la kampuni na picha ya kitanda. Akabonyeza.

Mama yake akatokea ukutani, mrefu kuanzia chini mpaka darini, bila rangi. Sista alisikia sauti yake mwenyewe ikisoma, "Marehemu mama yangu alilala kwenye godoro chini mpaka vidonda vikammaliza."

Yule mama wa mezani akavua miwani ikaning'inia kifuani. "Pole sana, dada yangu. Apumzike kwa amani."

"Apumzike kwa amani," akafuata kijana. Hata mzee wa tai aliinua uso, kisha akainamisha kichwa. Huko nyuma, watu waliokuwa wakiongea peke yao wakaacha, na sauti kadhaa zikaitikia, "Amina."

Mtu akikupa pole ya msiba, unajibu kwamba umeshapoa. Halihitaji akili jambo hili, mdomo wenyewe unajua. Wodini Sista alikuwa amewasikia ndugu wa wagonjwa wakijibu hivyo machozi yakiwa bado yanawatiririka. Basi akafungua mdomo ajibu kama wanavyojibu watu, apokee ile pole, aendelee na slaidi ya tatu.

Neno likakataa. Alimeza mate akajaribu tena. Watu wote hawa walikuwa wamekwisha kumwombea mama yake, na kilichobaki ni yeye kuitikia ili jambo liwe limekwisha. Wakamngoja. Walidhani ni kilio, na yule mama alikuwa ameshaanza kuinuka amletee maji.

"Hajafa," Sista alisema.

"Nani hajafa?"

"Mama yangu. Yuko nyumbani. Saa hizi anagombana na mtu kuhusu chai."

Kijana akacheka, akagundua kwamba yuko peke yake, akaacha. Mzee wa tai aliweka kalamu chini. "Na hayo maandishi?"

"Ni uongo, mzee. Nimeyaandika mwenyewe." Jasho jembamba lilikuwa linamshuka mgongoni katika baridi ile yote. Kwa pembe ya jicho aliona dole gumba la Mshauri limeshuka, na mwenyewe anatamani kulifuata. "Angekufa. Mimi ni muuguzi, nilikuwa naona vidonda vinakokwenda. Tukamtengenezea kitanda kwa mabomba ya mageti na jeki ya gari, na akapona."

Yule mama akarudi kitini. "Kwa hiyo kitanda chako kinaponya watu."

"Kinasaidia. Ndiyo."

"Na hicho ndicho ulichokuja kutuficha?"

Sista akabaki amekodoa macho. Kwa wiki nzima hakuwa amelifikiria hivyo hata mara moja. Mzee alifunua karatasi zake hadi mwisho.

"Huku mbele kuna hesabu zako za mapato," alisema. "Nazo ni marehemu?"

"Hapana, mzee. Hizo ni nzima. Zimekonda tu."

Hakujua kama walicheka kwa wema au kwa dharau. Aliendelea mpaka slaidi ya mwisho, akashukuru. Wakamwambia watapiga simu. Walivyowaambia wote, ndivyo walivyomwambia. Mshauri hakuja kumuaga. Alipokuwa anatoka, yule mama alimwita kutoka mezani: "Umsalimie mama yako." Njiani alilichambua neno hilo mpaka likaisha ladha, akashindwa kujua limebeba nini.

Nyumbani mama alikuwa ameketi wima, nywele bado zimechanwa.

"Haya, nilikufa salama?"

"Hukufa, Mama. Nimeshindwa kuitikia pole."

"Nilikwambia uache neno lilivyo!" Bi mkubwa alikasirika kweli. "Nimejitolea mwenyewe, nawe unanirudisha! Sasa wamesemaje?"

"Watapiga simu."

"Na wasipopiga?"

"Sijui. Naogopa, Mama. Naogopa sana. Wale watu wanaosubiri nitawaambia nini?"

Mama alisogea kidogo, akapiga shuka kwa kiganja, na Sista akaketi kwenye kitanda cha kwanza walichowahi kuunga. Waliweka simu katikati yao. Nje Fundi alikuwa ameacha kugonga chuma, bila shaka naye anasikiliza. Simu haikulia.

"Wewe," mama akasema baada ya muda, akamsukuma na ule mkono uliokuwa ukifichwa shukani. "Pumua basi. Nakusikiliza tangu ulipoingia, hupumui."