Mbaazi Kwenye Kibodi

Nina kinyaa tangu utotoni, wala sioni haya kusema. Mtu akilamba kidole ili afunue ukurasa, hamu ya chakula hunitoka siku nzima. Kwa hiyo anayenisikia nikinung'unika juu ya kompyuta ya kwanza niliyoitumia asidhani nailaumu mashine. Mashine ile niliipenda. Ninayemlaani ni karani mkuu na mbaazi zake.

Ilikuwa miaka ya themanini, nami ni mpiga taipu katika kiwanda kimoja cha chumvi huko Gongoni. Kompyuta ililetwa kutoka Mombasa kwa majaribio ya miezi mitatu. Mwisho wa majaribio angekuja mkaguzi. Akiridhika, ingebaki, nami ningekuwa msimamizi wake. Asiporidhika, ingerudi ilikotoka, nami ningerudi kwenye taipu kupiga barua za karani mkuu hadi nizeeke. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na sikutaka kuzeekea hapo.

Nilijifunza kuitumia peke yangu, kwa kitabu chake cha maelekezo. Jambo la kwanza ni mwangaza. Herufi zilikuwa za kijani kwenye kioo cheusi, na aliyeileta aliziacha zikiwaka mpaka macho yanatoa machozi. Nyuma ya kioo palikuwa na kitufe cha kuzungusha. Ukikigeuza kidogo tu, zinapoa. Watu huumwa vichwa miaka na miaka bila kupapasa nyuma ya mashine zao. Jambo la pili, kila diski uinakili, na nakala uiweke chumba kingine. La tatu ndilo lililonipa kiburi. Mashine ilipowaka ilikuuliza tarehe, kisha ikakukodolea macho, ikingoja amri za Kiingereza. Nikaiandikia faili fupi ya kuisoma kila inapoamka, na tangu hapo ikawa inasema: "Habari za asubuhi. Bonyeza 1 kwa barua, 2 kwa majina ya wafanyakazi, 3 kwa magunia." Hata mlinzi wa lango angeweza kuitumia. Siku iliponisalimia kwa Kiswahili mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Sasa, kompyuta ilitaka baridi, na chumba chake ndicho pekee kilichotiwa kiyoyozi. Karani mkuu alipougundua ubaridi ule, akahamishia kifungua kinywa chake kwangu. Kila siku saa tatu: mahamri, mbaazi za nazi, chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Sinia aliliweka mbele ya kibodi, akala taratibu, kwa mlio, tui likimchuruzika hadi kwenye kiwiko. Akiingia mgeni ndiyo balaa, maana alipenda aonekane yeye ndiye mwenye mashine. "Hebu njoo uone, yakhe," angesema. "Nikimtaka mfanyakazi yeyote, namwita hivi." Na kidole chenye mbaazi kikabonyeza mbili, halafu herufi moja moja, akikilamba katikati.

Yeye ndiye aliyemwambia baba kuna kazi. Nilimwamkia shikamoo kila siku. Ningemwambiaje asile pale? Mkono usioweza kuukata, ubusu. Nikajaribu njia za pembeni. Nilikata kipande cha kanga, nikashona kifuniko cha kibodi. Akakipokea kwa furaha na kufutia mikono. Nikaanza kumletea maji ya kunawa, birika na bakuli na sabuni, kama yuko karamuni. Akanawa vizuri, akanisifu, kisha akakung'uta vidole, kama tunavyokung'uta sote tukikosa taulo, na matone yote yakatua kwenye vitufe.

Kila Ijumaa niliipindua kibodi na kuipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Yalidondoka makombo, ukadondoka mwiba wa samaki, na siku moja ukadondoka ukucha. Ukucha! Wa kidole gumba, wa manjano, mnene. Nilitoka nikatapika nyuma ya ofisi. Tui lililoingia ndani sikuweza kulitoa. Likachacha, chumba kikanuka mdomo wa mgonjwa, na sisimizi wakafanya makazi kati ya herufi.

Siku moja kabla ya mkaguzi nilisafisha kitufe kimoja kimoja kwa pamba na spiriti. Ikang'aa. Asubuhi yake meneja aliniita nimpangie majalada, na niliporudi nilikuta sinia tupu, na karani mkuu akimwonyesha dereva wa lori namna ya kumwita mfanyakazi. Sikupata hata nafasi ya kushika kitambaa. Mkaguzi alikuwa nyuma yangu, pamoja na meneja.

Alivaa shati jeupe la mikono mirefu. Akaketi, akaizima na kuiwasha upya, ikamsalimia. Akatabasamu. "Nani kafanya haya?"

"Mimi," nikajibu, nikijua nimeshapata.

Akabonyeza mbili, akaanza kuandika jina. Kitufe cha A kikazama, hakikupanda. Mstari mzima ukajaa A, ukafuata wa pili. Alipoondoa kidole, kilikuwa na utando wa mafuta. Sisimizi wawili wakapanda kwenye mkono wa shati lake. Akanusa kidole kile, uso ukamkunjika.

"Nani anakula hapa?"

Karani mkuu alisimama kando yake, punje ya mbaazi ingali kwenye ndevu. Alinitazama mimi tu, kwa utulivu, kama mtu anayengoja kupewa kiti. Kwetu mzee hafedheheshwi mbele ya wageni. Mdogo ndiye hubeba. Hilo sikufundishwa kwa maneno, lakini nililijua kama ninavyolijua jina langu.

"Ni mimi," nikasema.

Mkaguzi alifuta vidole kwa leso, kimoja kimoja, akinitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama karani mkuu. "Mtu mchafu hapewi mashine," akamwambia meneja. Alasiri ile ile ikafungwa kwenye boksi lake, ikapakiwa garini.

Karani mkuu alinifuata kwenye taipu. Alikuwa amefurahi, macho yamemlegea. Aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, wewe umelelewa," akasema. "Babako nitamwambia."

Nikasema ahsante, mzee. Nilisema kwa sauti nzuri, tena nimeinamisha kichwa.