Aleluya ya Mama Masanja

Siku ile ya machimboni Nyarugusu naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa binti bado. Duara, yaani shimo la machimbo, alimochimba dhahabu kaka yangu Masanja lilikuwa limetitia, naye yumo chini na mwenzake Lukas. Tulipanda gari kutoka kwetu Didia, mimi na mama, tukakuta watu wamelizunguka shimo, wanafukua kwa sururu na mikono.

Alasiri wakamtoa Lukas. Mzima! Amejaa vumbi, anakohoa, lakini mzima. Watu wakapaza sauti, "Aleluya!" Na katikati ya sauti zile nikaisikia ya mama. Nikamgeukia, nisijue nimshike au nimkimbie. Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Sasa mzazi huyu anashangilia nini?

Masanja walimtoa jua linazama, amefunikwa kitenge.

Baada ya maziko nilishindwa kunyamaza. "Mayu," nikamwambia, maana sisi Wasukuma mama tunamwita hivyo, "pale shimoni ulimsifu Mungu kwa lipi?"

"Sijui, mwanangu. Lilinitoka tu."

Katekista wetu, mzee mpole, alikuwa ameketi nasi msibani. Akasema taratibu, "Neno hilo ni la Kiebrania, Mama Masanja. *Halelu* ni 'msifuni', na *Ya* ni jina la Mungu kwa kifupi. Anayelitamka huwaambia wenzake: msifuni."

Mama akainua uso. "Basi ndiyo hivyo. Mimi nisingeweza. Niliwaachia wao."

Nilielewa? Hata. Kwa nini atoke mmoja, mwingine abaki? Nimezeeka na swali hilo. Lukas mwenyewe, kila akija kutusalimia, huuliza hilo hilo.

Ninalolijua ni dogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndiyo maana tunawahimiza wafiwa waimbe kana kwamba hawajabeba kitu. Ukimkuta mfiwa kanisani amefumba mdomo, usimguse kiwiko aimbe. Imba wewe, kwa ajili yenu wawili. Na zamu yako ikifika, sauti ikakukauka, usione haya, wala usidhani umemkosea Mungu. Waachie wenzako.

Haya, mwanangu, Mungu akujalie furaha nyingi za kuimbia. Na siku utakayoshindwa, akuwekee karibu mtu wa kukuimbia.