Marehemu Aliyepandisha Bei

Simu ililia Jumatatu saa tatu asubuhi, Bwana Bei akiwa dukani anapima mkate. Hakuwa na nia ya kuununua. Alikuwa ameuweka juu ya mizani yake ndogo ya mfukoni, maana mkate ulioandikwa gramu mia tano siku hizi ulikuwa haufiki mia nne na hamsini, na kazi yake ilikuwa kuyajua mambo ya namna hiyo.

"Mzee, habari za kazi?" Ilikuwa sauti ya ofisi kuu, laini kama pamba. "Keshokutwa unapata mgeni. Mkaguzi. Mtazunguka naye duka kwa duka, orodha nzima."

"Karibuni sana," alisema, na mkono ukagonga mizani, mkate ukaanguka chini.

Mwenye duka akaangua kicheko. "Leo umepatikana, Bwana Bei! Miaka yote unauliza bei na kwenda zako. Huo umeanguka, huo wako."

Akalipa. Mwenye duka akabaki ameshika zile sarafu, akishangaa, kwa kuwa hakuwahi kumwona mtu huyu akilipa kitu bila kukiuliza mara mbili.

Zamani Bwana Bei alikuwa karani wa stoo. Kampuni ilipofungwa, akapata kazi hii katika ofisi inayolinganisha gharama za maisha za miji sitini na miwili katika nchi mbalimbali. Kampuni zinazopeleka watu ugenini hununua takwimu zake ili zijue mtu akitolewa mji fulani kwenda mji mwingine aongezwe nini asiteseke. Kila baada ya miezi mitatu, Bwana Bei alizunguka na orodha ya vitu mia moja na arobaini: yai, kodi ya vyumba viwili, nauli ya basi, kung'oa jino, kunyoa nywele, suti ya kushonwa na fundi. Kila kitu kiulizwe kwenye maduka matatu, na kiwe kilekile kinachoulizwa katika miji mingine yote. Suti iwe ya vifungo viwili yenye bitana, si koti la kuning'inia dukani. Yai liwe la ukubwa wa kati. Sawa kwa sawa, ndiyo iliyokuwa sheria.

Ofisi ilimrudishia jedwali kubwa la miji yote, naye akalibandika sebuleni. Hakuwahi kupanda ndege, lakini alijua mji ambao mkate wake ni ghali kuliko nyama ya kwao, na mji ambao kung'oa jino kunamaliza mshahara wa wiki. Majirani walikuja kumwuliza. Mmoja alisema mwanawe ameitwa kazi ng'ambo kwa mshahara mara tatu. Bwana Bei akapeleka kidole kwenye jedwali, akakitembeza taratibu, akasema, "Mshahara mara tatu, kodi ya chumba mara nne na nusu. Akienda, mpakilie na godoro, atalala ofisini." Wakacheka, lakini kijana hakwenda. Neno la Bwana Bei lilikuwa neno. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelitilia shaka.

Ndiyo maana Jumatatu ile alirudi nyumbani mapema, mkate kwapani. Alikijua kitu cha tisini na saba kwenye orodha.

Mkewe alikuwa jikoni anachambua maharage. Alikuwa binti wa mwalimu mkuu, mwanamke asiyevumilia hata kikombe kilichopasuka mdomo mbele ya mgeni. Akautazama mkate, akamtazama mumewe.

"Baba watoto, umenunua mkate? Nani amekufa?"

"Fundi."

"Fundi gani? Yule wa suti? Si tulimzika miezi minane iliyopita?"

"Ndiyo. Lakini kwenye orodha hajafa."

Akamweleza akiwa amesimama. Mafundi wa kushona suti mwanzo hadi mwisho walibaki watatu tu mjini. Wa tatu alipofariki, kitu cha tisini na saba kilibaki na maduka mawili, na kitu chenye maduka mawili huachwa wazi. Ofisini nafasi hiyo iliitwa pengo. Mji wao ulikuwa tayari na mapengo saba, maana hakuna tena anayetengeneza saa za mkono wala kukodisha kanda za video. Mji ukifika mapengo manane unatolewa kwenye jedwali, na mkusanya bei wake hana tena cha kukusanya. Basi akaandika bei ya marehemu kama ilivyokuwa. Safari ya pili ofisi ikauliza: vitambaa vimepanda kila mahali, mbona fundi huyu hapandishi? Akapandisha kidogo. Safari ya tatu akapandisha tena, bila hata kuulizwa. Uongo wa kwanza aliuandika usiku, mlango umefungwa. Wa tatu aliuandika huku anakunywa chai.

Mkewe alimsikiliza mdomo wazi. "Marehemu amepandisha bei?"

"Mara mbili."

"Lo! Wenzake wakifa wanapumzika." Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia, kisha kikakatika kama uzi. Binti yao alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha uuguzi, na ada yote ilitoka kwenye kazi hii. "Watakufukuza."

"Watanifukuza. Na watasema kwa nini."

"Hilo la pili ndilo linaloniua," alisema mkewe polepole. "Kazi inatafutwa. Jina likishaoza halitiwi chumvi. Kwetu sisi, aliyesema uongo alikula chakula chake amesimama, wengine wakimtazama."

"Nifanye nini, mama watoto?"

"Nenda kwa mke wa fundi ukamwambie kabla hajaambiwa na mgeni. Ukamwambie, nimesema. Sijasema ukamwombe."

Alikwenda Jumanne mchana, na njia nzima alikuwa akipanga namna ya kuomba. Nusu ya duka la fundi ilikuwa imepangishwa kwa muuza rangi. Nusu nyingine alikaa mjane, cherehani ikiwa imefunikwa shuka nyeupe, naye akipiga pasi mashati ya watu kwa mstari ulionyooka kama rula.

"Karibu, shemeji. Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kigoda. "Nina ombi dogo. Kesho nitapita hapa na mgeni wa kazini. Akimwulizia fundi, mwambie tu amesafiri."

Mjane aliisimamisha pasi. "Amesafiri."

"Ndiyo, shemeji."

"Atarudi lini?"

Bwana Bei akaigeuza kofia magotini. Ikabidi aseme yote, maneno yakigongana, na alipomaliza mjane aliuliza jambo moja tu.

"Umeandika bei gani?"

"Elfu tisini na tano."

"Mume wangu hakuwahi kushona suti kwa zaidi ya themanini. Kitambaa kilipanda, mimi mwenyewe nikamwambia apandishe. Akasema mteja wa miaka ishirini haviziwi kama mwizi kwenye kona. Alifanya kazi mpaka vidole vikavimba ili abaki kwenye themanini. Leo wewe umempandisha mara mbili, naye yuko chini, hawezi kukujibu."

"Ni karatasi tu, shemeji. Inakwenda mbali. Huko hakuna anayemjua."

"Inasema duka la nani?"

"Duka la fundi."

"Basi inasema duka letu. Jina lililo juu ya mlango ule ndilo wanaloitwa wanangu. Hawana urithi mwingine." Akarudi kwenye shati, akaikandamiza kola.

"Kesho utasema nini, shemeji?"

"Kesho nitakuwa mlangoni. Utakunywa chai?"

Aliinuka bila kuingoja chai. Alirudi nyumbani, na mkewe alipomwuliza kama amesema, akajibu amesema. Hilo lilikuwa kweli, ila halikumpunguzia hofu hata chembe, kwa maana sasa walikuwa watatu wanaojua, na mmoja wao alikuwa na haki ya kumchukia.

Mkaguzi alifika Jumatano asubuhi: dada wa miaka thelathini na kitu, viatu vya chini, begani mkoba wenye mizani kama ya Bwana Bei ila mpya.

"Shikamoo, mzee. Nimesikia habari zako. Ofisini wanasema kila mji ungekuwa na mtu kama wewe, tungelala usingizi."

"Marahaba, dada," alisema, akafungua daftari lake.

Wakaanza na mayai. Bei ikalingana. Mkate, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote vikalingana. Mkaguzi alikuwa msemaji. "Huko nilikotoka, kwa bei ya yai moja ungepata matatu hapa. Lakini maji, mzee! Maji yenu ya bomba ni ghali kuliko ya miji kumi na mmoja. Mtu akisikia mji rahisi anadhani kila kitu rahisi." Siku nyingine yoyote Bwana Bei angejibu, tena kwa furaha, kwa kuwa haya ndiyo mazungumzo aliyoyapenda duniani. Siku hiyo alikuwa akihesabu vitu kuelekea cha tisini na saba. Arobaini na mbili. Sitini. Sabini na tisa. Kila kitu kilichopatana na daftari lake kilimwumiza badala ya kumtuliza, kwa sababu kila kimoja kilimwongezea sifa, na sifa zile zingeanguka naye. Kwa daktari wa meno alimtazama mgonjwa kitini, kinywa wazi, amekamata mikono ya kiti, akamwonea wivu. Yule alijua ni jino gani, na ni dakika ngapi.

Walipomaliza fundi wa pili, Bwana Bei alitangulia kutoka nje. "Dada, huyu wa tatu yuko mbali, na jua limewaka. Tungepita kwanza kwa kinyozi, yuko njiani."

"Twende tu kwa mpangilio, mzee. Mimi kutembea ni chakula changu."

Wakaenda. Mtaa haukuwa mrefu, ila siku hiyo alitamani usiishe. Aliiona milango mmoja mmoja: wa vioo, wa betri, wa sare za shule. Kisha akamwona mjane. Alikuwa amesimama mlangoni kama alivyosema, amevaa gauni la kutokea, mikono ameikunja mbele. Nyuma yake muuza rangi alikuwa anakoroga ndoo.

"Hodi hapa, mama," mkaguzi alisema kwa uchangamfu. "Tunamtafuta fundi wa suti."

Mjane hakumjibu. Alimgeuzia Bwana Bei uso usio na hasira wala huruma. "Shemeji, mgeni wako anauliza. Mjibu."

Kwa muda wa pumzi moja Bwana Bei aliliona neno lile, amesafiri, limekaa tayari ulimini, jepesi kama manyoya. Angelisema, na mwanamke huyu angelikanusha mbele ya mtaa mzima. Au asingelikanusha, na hilo lilimtisha zaidi, kwa maana angelazimika kulirudia baada ya miezi mitatu, na mitatu mingine, maisha yake yote.

"Fundi amefariki," alisema. "Miezi minane sasa. Hizo bei tatu ni zangu. Ya kwanza niliirudia, mbili nimetunga."

Muuza rangi akaacha kukoroga.

Mkaguzi alifungua orodha yake, akateremsha kidole mpaka tisini na saba. Uchangamfu ulimtoka usoni taratibu. "Ni pengo la nane," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Ungeniambia tu, mzee."

"Niliogopa."

"Suti yenyewe haiyumbishi sana hesabu. Ni kitu kimoja kati ya mia moja na arobaini." Akafunga orodha. "Lakini sasa inabidi nilitilie shaka hata yai. Miaka yako kumi na tisa yote. Safari hii mji unatoka kwenye jedwali. Habari yako wewe wataiamua ofisini nikishakagua upya, na nitakagua mwenyewe. Wewe hutauliza bei."

Bwana Bei akavua kofia.

"Bado," mjane alisema. "Mwanangu, andika themanini hapo."

"Mama, haiwezi tena kuingia kwenye hesabu."

"Sijakuambia uihesabu. Nimekuambia uiandike. Kwamba fundi wa duka hili alishona kwa themanini mpaka alipokufa, na hakuna mteja aliyewahi kumlipa zaidi."

Mkaguzi akamtazama, akatoa kalamu, akaandika pembeni mwa ukurasa. Mjane akasogea, akasoma kila neno bila haraka, kama mtu anayekagua mshono. "Hapo sawa," akasema. Akaingia ndani bila kumuaga Bwana Bei.

Mkaguzi akatangulia. Hakumwambia afuate wala arudi, basi akafuata, hatua mbili nyuma, kofia mkononi. Kwa kinyozi akageuka mara moja. "Subiri hapo nje, mzee."

Akasimama kando ya mlango. Alimsikia mgeni akiuliza kunyoa kichwa cha mtu mzima ni kiasi gani, swali lake mwenyewe, kwa sauti ya mtu mwingine. Bei ya hapa hakuwa ameitunga. Aliijua kama anavyojua umri wa binti yake, aliiandika sawasawa kila safari. Hata hivyo alitega sikio kwa hofu, maana kinyozi alikuwa mtu wa mizaha, angeweza kutaja bei yoyote kwa utani.

Kinyozi akataja bei ileile.

Bwana Bei akashusha pumzi. Kisha akamsikia mkaguzi akimgeukia mteja aliyekaa kitini, jambo ambalo hakuwa amelifanya katika duka lolote siku ile.

"Na wewe, kaka, mara ya mwisho ulimlipa kiasi gani?"