Dirisha la jiko, nyumba ya Boko

Jamani, leo mama kaniliza.

Miaka ya tisini, baba alipopunguzwa kazi, alianza kujenga Boko kwa mikono yake. Asubuhi anang'oa visiki, mchana anafyatua matofali, jioni anaranda mbao za milango. Yote kwa siku moja!

Mama aligombana naye kwa sababu dirisha la jiko alilijenga chini mno.

"Wezi wataingia kama mlangoni. Sihamii huko mie!"

Baba akafariki kabla hajaezeka. Mama hakukanyaga tena.

Juzi nimemaliza kupaua, leo nikambembeleza twende akaione.

Kaingia jikoni, kavuta kigoda, kakaa kama anavyokaaga akipika.

Pale alipokaa, dirisha liko usawa wa macho yake. Anaona uwanja wote mpaka barabarani.

"Zuhura," akaniambia, "baba yako alinipimia nikiwa nimekaa."

Nyie, mngemjibu nini?

Akaniomba nitoke kidogo. Nikiwa nje nikamsikia:

"Baba Zuhura, mbona hukuniambia?"

Amelia kama msiba umetokea leo.