Kadi ya Kliniki ya Baba

Kavetsa, fundi wa nguo mtaani Langas, Eldoret, alikuwa akikusanya majina ya ukoo ili awaandikie wanawe. Katika makaratasi ya shangazi yake, Mildred, akapata kadi ya kliniki: marehemu baba yake alitibiwa ugonjwa wa akili miaka kumi na moja.

"Shangazi, si mlisema ni pombe iliyomharibu baba?"

"Tuliogopa watu wakisikia kuna wazimu kwetu, ungekosa mchumba."

"Na nilipokataa kuja kumzika, mbona bado hamkuniambia?"

Mildred aliinamisha kichwa. "Baba yako mwenyewe, kabla hajafa, alituomba tukueleze. Tukakataa."

Kavetsa alilia kwa hasira. Alikuwa amemchukia baba yake bure, na jamaa wote walijua, wakanyamaza. Jumapili alisafiri peke yake hadi kaburini, akamwomba msamaha. Kwa Mildred hajakanyaga tena.