Fabiola na Pilipili Mwitu za Mlima Hanang

Bura alizoea kuwaambia watu kwamba ukimkuta mke wake amekaa, basi anafunga kamba za viatu. Hakuwa anamsema vibaya. Fabiola Qamara alikuwa hivyo tangu utoto, mtu wa kuinuka kabla chai haijapoa, na kufikiria njia ya kesho wakati miguu bado inauma kwa njia ya leo.

Alizaliwa kwenye mteremko wa Mlima Hanang, mahali ambapo mashamba yanakutana na msitu. Mama yake alikuwa na jani moja la msituni alilolitwanga na kuwapaka watoto wenye mapunye kichwani, na wengi walipona. Fabiola hakulifikiria sana jani lile. Alisoma kwa masista, akafaulu hesabu na sayansi, na miaka michache baada ya Uhuru akapelekwa Dar es Salaam kuwa msaidizi wa maabara ya kemia. Mhadhiri mmoja pale alikuwa anachunguza ukoo wa pilipili manga. Aliwaomba wafanyakazi wote wakienda likizo wamletee mimea ya ukoo ule kutoka kwao.

Huko ndiko Fabiola alikojifunza kwamba jina la jikoni si jina la ukoo. Pilipili kichaa ni ndugu wa viazi, nyanya na tumbaku. Pilipili manga iko kwenye ukoo mwingine kabisa, na hata ukali wa hizo mbili hautokani na kitu kimoja. Jani la mama yake, alipolileta kutoka likizo, mhadhiri alitazama vifundo vya shina vilivyovimba kama viwiko, akatazama shuke jembamba la maua, akasema huyu ni ndugu halisi wa pilipili manga.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mabaya. Unyevu uliingia stoo, na mimea waliyoikausha kwa kuibana kwenye magazeti ikaota ukungu. Fabiola ndiye aliyetumwa kuisafisha. Alifungua gazeti baada ya gazeti, kila moja limejaa manyoya meupe na ya kijani, mpaka alipofika kwenye majani ya Hanang. Yalikuwa makavu na safi kama siku alipoyabana.

Tangu hapo hakupata raha, maana mapunye nayo husababishwa na kuvu. Aliyaloweka majani kwenye spiriti, akachuja, akaacha spiriti ipotee hewani, ikabaki utomvu wa kahawia unaochoma ulimi. Tone moja aliliweka katikati ya ugali uliooza kwenye sahani. Kuvu ikatanda sahani nzima ila pale. Alimkimbilia mhadhiri, naye akafurahi, akasema watarudia vizuri mwaka unaofuata. Lakini mkataba wake uliisha akarudi kwao Ulaya, na aliyekuja baada yake alishughulika na mafuta ya mbegu. Fabiola akawekwa kwenye kuosha chupa. Alivumilia kidogo, kisha mwaka 1972 akafunga sanduku lake la bati na kupanda basi kurudi nyumbani.

Akaolewa na Bura, mkulima mpole, wakapata mtoto, Isidori. Mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Malori yaliwashusha kutoka mlimani hadi kijiji kipya upande wa Gehandu, kwenye uwanda wenye vumbi na upepo. Nyumba zilipangwa mistari. Watoto waliokuwa wakikutana kanisani tu sasa walilala ukuta kwa ukuta, wakachangia vitana na kofia. Kabla mwaka haujaisha mapunye yalikuwa yameshika nusu ya shule. Mwalimu mkuu alianza kuwarudisha nyumbani wenye vichwa vyenye magamba.

Zahanati ilikuwa chini ya nesi Ernestina, dada wa Kihaya aliyehamishiwa pale kutoka Bukoba. Dawa ya kupaka ilikuwa imekwisha, imebaki ile ya zambarau tu, ambayo ilipaka vichwa rangi na mapunye yakaendelea. Fabiola alimfuata.

"Nesi, mlimani kuna jani."

"Kwetu pia kuna majani," Ernestina alimjibu. "Lakini mimi hapa nimeletwa na serikali. Mtoto akiharibika, wa kuulizwa ni mimi."

"Basi tupake upande mmoja wa kichwa tu. Upande wa pili tuuache kama ulivyo. Tutaona wenyewe."

Ernestina alifunga kabati la dawa. "Upande mmoja," alisema. "Na mimi niwepo."

Fabiola alipanda mlimani siku ileile. Spiriti hakuwa nayo, lakini mwenyekiti wa kijiji, mzee Gidahosh, alikuwa na madumu ya gongo aliyowanyang'anya wapikaji. Alimpa dumu moja kwa kazi ya zahanati, akimwonya kwamba atanusa midomo ya wote watakaolishika. Fabiola aliloweka majani, akachuja kwa kitambaa, akaanika utomvu kwenye sinia, akauchanganya na mafuta ya mkia wa kondoo.

Baada ya wiki kadhaa kijijini kulikuwa na watoto wanaoota nywele upande wa kushoto tu. Watu walicheka, kisha wakaja na watoto wao kudai upande wa kulia. Ernestina mwenyewe alicheka, akasema sasa waendelee.

Hapo Fabiola alipaswa kwenda polepole, lakini hakujua kwenda hivyo. Ilikuwa kiangazi. Mwalimu mkuu alitaka watoto wote warudi darasani shule itakapofunguliwa, na kila mama alikuwa anamwita mlangoni. Kule msituni, kwenye kijito alikochuma, pilipili mwitu hizi za ukoo wa manga zilikuwa za aina mbili, zimeota pamoja, na hilo alilijua. Moja, ile ya dawa, hutoa shuke moja tu, limesimama kama mshumaa mbele ya jani. Nyingine hutoa mashuke kadhaa kutoka kikonyo kimoja, kama vidole vya mkono. Maua yakiwepo huwezi kukosea. Wakati ule hapakuwa na ua hata moja. Fabiola alitazama majani, akachukua yenye umbo alilolizoea, akajaza gunia na kushuka.

Kwa kuwa dawa ya kwanza ilikuwa imefanya kazi, safari hii walipaka kichwa kizima.

Konsolata, dada yake Bura, alikuja asubuhi iliyofuata akimshika mkono binti yake Fransiska. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimevimba na kutoa malengelenge.

"Wifi," Konsolata alisema, "njoo uone kazi yako."

Hakuwa Fransiska peke yake. Ernestina aliwaosha watoto wote kwa maji ya chumvi, akafunga vidonda, bila kuinua macho. Alipomaliza ndipo akamgeukia Fabiola.

"Ulikuwa na uhakika?"

"Nilikuwa na haraka."

Mkutano wa kijiji uliitishwa. Gidahosh alizungumza kwa kifupi. Dawa isimame, na Fabiola asipande mlimani bila kibali.

Miezi ile ilikuwa mibaya kwake kuliko mingine yote. Alilima shamba la kijiji, akamaliza mstari wake, akaingia kwenye mstari wa wengine. Alizunguka nyumba. Wakati wa chakula alisimama mlangoni na bakuli mkononi, akitazama mlima ulivyofunikwa na mawingu. Konsolata alipopita njiani, Fabiola alisalimia na hakuitikiwa.

"Mama Isidori," Bura alimwambia, "utaufanya huu uwanja mtaro." Kesho yake Bura alikwenda mwenyewe kwa Gidahosh.

"Shikamoo, mzee mwenyekiti. Mke wangu akiendelea kukaa hapa atatuchanganya wote. Mruhusu akaangalie yale majani mpaka ajue alikosea wapi. Mtoto nitabaki naye mimi."

Gidahosh alikubali kwa sharti moja, kwamba jani hata moja lisiingie kijijini.

Fabiola alikaa juu kwa shangazi yake Bernadina, ambaye waliokuja na malori walimwacha kwa sababu ya uzee. Kule kijitoni alirarua kanga ya zamani vipande, akafunga vyekundu kwenye mimea aliyodhani ni ya shuke moja na vyeupe kwenye ile mingine. Kisha akangoja. Kila siku alikwenda, kila siku hakuna kitu. Vichipukizi vya kwanza vilipotokea hakuweza kujizuia, akavipasua kwa kucha kutazama ndani, akaviua.

"Acha kuvibinya, mwanangu," Bernadina alimwambia. "Vitakuja."

Mvua ilinyesha, mashuke yakatoka. Fabiola alitembea kutoka mmea hadi mmea, na kwa kila mmea moyo ulimshuka zaidi. Vitambaa vingi vilikuwa mahali pasipo pake. Umbo la jani lilikuwa limemdanganya, kwa sababu mmea uliokaa kivulini hutanua majani yake, uliopata jua huyafanya madogo, aina zote mbili.

Akaanza upya. Alivunja vifundo, akanusa, akalinganisha kikonyo kinapogusana na shina. Ya shuke moja ilikuwa na harufu ya viungo, tamu kidogo. Ile nyingine ilinuka ukali wa majani mabichi, na kikonyo chake kilikuwa kipana zaidi pale chini. Alimwomba Bernadina ampe majani mojamoja huku yeye Fabiola amefumba macho. Mwanzoni alikosea sana, baadaye kidogo, mwishowe hakukosea tena. Kisha akajipaka utomvu wa kila aina kwenye mkono wake. Hilo walikuwa wamemfundisha Dar es Salaam kulifanya kabla ya mengine yote, na yeye alikuwa ameliruka. Siku ya pili sehemu aliyopaka ile ya mashuke mengi ilikuwa nyekundu na inawaka.

Aliposhuka hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa Konsolata, akamwonyesha mkono.

"Kwa hiyo umejichoma ili nikusamehe?"

"Hapana, wifi. Nimekuja kukueleza nilichokosea."

Konsolata aliendelea kukoroga uji. Fransiska alikuwa anacheza nje; nywele zilikuwa zimerudi, isipokuwa doa moja nyuma ya sikio ambalo halikuota nywele tena. "Eleza," Konsolata alisema mwishowe, na akasikiliza mpaka mwisho, akiuliza maswali ambayo Fabiola hakuyategemea.

Mkutano uliofuata Ernestina alisema dawa ya serikali bado haijafika na mapunye yamerudi. Watu wakanung'unika. Konsolata akasimama.

"Apande tena," alisema. "Lakini nitakwenda naye mimi. Jani nisilolikubali halishuki."

Hakuna aliyepinga, maana hakuna aliyekuwa na haki kubwa ya kusema kuliko yeye.

Ndivyo walivyoanza kwenda pamoja, mmoja akikimbilia mbele, mwingine akipanda taratibu huku akihema na kunusa kila jani. Konsolata alikataa mengi. Mara nyingine alikataa hata yaliyokuwa sahihi, wakagombana njia nzima ya kurudi. Lakini dawa haikuchoma mtoto tena. Baadaye tyubu za dawa zilifika kutoka wilayani na watu wakazipenda kwa kuwa hazinuki kondoo. Zilipokwisha, Ernestina aliwatuma tena wawili wale mlimani.

Habari zilisambaa. Walimu wa Balangdalalu na Hirbadaw walimwita Fabiola awafundishe watoto koo za mimea, na mwishoni mwa miaka ya sabini wataalamu wa misitu walimwajiri kukusanya mimea Mbulu na Hanang. Bura alisema aende, na akawa analea Isidori bila manung'uniko mengi. Fabiola alitoa sharti moja tu, kwamba Konsolata naye aajiriwe.

Siku moja walikuwa kwenye msitu wa Nou, juu ya Mbulu, ukungu umeshuka mpaka mabegani. Fabiola aliona mmea unaopanda mti, una vifundo vilevile na jani la umbo la moyo, lakini shuke lake lilining'inia chini. Alilinusa. Alimpa Konsolata alinuse.

"Ni ile ya shuke moja," Konsolata alisema.

"Ile husimama. Hii inaning'inia."

"Labda imelemewa na maji."

"Haijalemewa. Wifi, hii ni ya tatu."

"Hujui."

"Sijui," Fabiola alikiri, huku macho yake yakiufuata mmea kwenda juu ambako shina lilipotelea kwenye majani. Mvua ilianza kugonga msitu. Konsolata alikaa kwenye gogo, akafunika magazeti kwa plastiki, akamwambia wangoje ipite. Fabiola alikuwa tayari ameshavua viatu na kukumbatia mti.